Mkasi, Leso na Mbuzi: Tahakiki ya Ushahidi wa Maneno katika Historia ya Vyombo vya Nyumbani, Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika magofu ya Gede, yapata kilomita 16 kusini ya Malindi, zimo nyumba ambazo wenyewe walizihama katika karne ya 17 na ambazo majina yake ya awali hayakuhifadhiwa. James Kirkman, aliyeanza kuyafukua magofu hayo mwaka 1948, alikuwa na desturi ya kuiita nyumba kwa kitu kimoja kilichookotwa ndani yake. Majina hayo yakifasiriwa kwa Kiswahili, mgeni apitaye humo hukutana na Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kasha la Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi na nyinginezo. Ni utaratibu wa kupendeza, na kwa mchunguzi mwenye daftari mkononi ni utaratibu wa manufaa, kwani jina la kitu hukumbukwa kwa urahisi kuliko namba. Lakini orodha hiyo ikisomwa tena kwa utulivu, jambo moja hudhihirika. Karibu kila kitu kilichopata heshima ya kuipa nyumba jina ni kitu kilichotoka ng'ambo, au angalau kitu ambacho mgeni angekitambua upesi. Vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani, ambavyo katika magofu ya miji yetu hupatikana kwa wingi usiolinganishwa na vya kigeni, havikubahatika. Hakuna Nyumba ya Chungu.

Makala haya hayakusudii kumlaumu Kirkman kwa kuokota mkasi. Linalochunguzwa hapa ni mazoea ya kufikiri ambayo majina hayo ni mfano wake mmoja tu, na ambayo yameenea katika taaluma ya lugha kama yalivyoenea katika taaluma ya mambo ya kale. Mazoea hayo yasema hivi: ukitaka kujua kitu kilitoka wapi, tazama jina lake lilitoka wapi. Neno likiwa la Kiarabu, basi na kitu kililetwa na Waarabu. Likiwa la Kireno, kitu kililetwa na Wareno. Na likikosa asili ya kigeni, basi kitu hicho hakina historia ya kutajwa. Kanuni hii haipatikani ikiwa imeandikwa waziwazi na mtaalamu yeyote makini, lakini hufanya kazi chini kwa chini katika vitabu vya shule, katika maelezo ya makumbusho, na katika orodha za maneno ya mkopo ambazo wanafunzi wa isimu hufundishwa kuzikariri. Kirkman mwenyewe, katika kitabu chake cha 1954, aliuita Gede mji wa Kiarabu. Jina la kitabu na majina ya nyumba hayakuwa mambo mawili mbalimbali.

Yafaa kuanza na ushahidi ulio mkongwe zaidi kwa upande wa maandishi. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, na mmoja wa watu wake aliandika kumbukumbu za safari ile. Mwandishi huyo alikuwa na jicho la karani wa forodha, na ndiyo sababu maandishi yake ni hazina kwa anayechunguza vyombo. Aeleza kwamba mfalme wa Malindi alikuja kuonana nao akiwa ameketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa hariri nyekundu uliofungwa katika mti. Kwamba alikuwa na mzee aliyechukua upanga mfupi wenye ala ya fedha. Na kwamba palipigwa pembe mbili za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Hizo bila shaka ni siwa. Zawadi ambazo Wareno walikuwa wamempelekea mfalme zilikuwamo kofia, shada za marijani, mabeseni matatu ya kunawia na njuga ndogo. Mfalme kwa upande wake aliwapelekea kondoo na viungo: karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili.

Msomaji atapima mwenyewe ni nani siku ile alikuwa na nyumba iliyojaa. Kwa isimu, hata hivyo, lenye uzito zaidi ni viti. Kiti ni neno la Kibantu lisilo na shaka. Ni mti uliotiwa kiambishi cha ki-. Mgiriama, ambaye kwake mti ni muhi, husema kihi. Uhusiano huo wa sauti, t ya Kiswahili kwa h ya Kigiriama, ni wa kawaida na hujirudia, nao hauwezi kuzuka kwa kuazimana jana na juzi. Maana yake ni kwamba jina la chombo hiki lilikuwako kabla Kiswahili na lugha za Mijikenda hazijaachana, karne nyingi kabla ya jahazi lolote la Ulaya. Meza, kinyume chake, ni meza kwa Mswahili na ni meza kwa Mgiriama. Haina mabadiliko ya sauti, na asili yake ya Kireno i wazi. Kwa jozi hii moja ya maneno mtu aweza kusema, bila kubahatisha, kwamba watu wa pwani hii waliketi juu ya viti muda mrefu kabla ya kuwa na neno meza. Chakula kilitandikwa chini, juu ya mkeka, na mkeka haukuhitaji meza.

Mwavuli nao una lake. Ndani ya neno hili mna kivuli, na kwa hiyo jina laeleza kazi ya kitu wala halitaji mahali kilikotoka. Hariri ya mwavuli wa mfalme ilitoka mbali bila shaka. Ila hapana chochote katika neno kinachotoa habari hiyo. Hapa tayari kanuni iliyotajwa juu yaanza kuyumba, kwa kuwa jina la kienyeji limefunika kitu ambacho nusu yake ni cha kigeni.

Ni haki kukiri kwamba kuna mahali ambapo kanuni hiyo yafanya kazi. Parafujo ni neno la Kireno na, kwa kadiri vyombo vya pwani vinavyoonyesha, chombo chenyewe kililetwa pamoja na jina. Mafundi wa hapa walikuwa wakiunga mbao kwa vigingi, kwa misumari na, katika mitepe, kwa kamba. Pipa vilevile. Foronya ni mfano wa kuchekesha kidogo: mto wa kulalia una jina la Kibantu, na nguo yake ina jina la Kireno, kana kwamba mto ulikaa uchi mpaka mwaka 1498. Hakuna atakayeamini hivyo. Lililo karibu na ukweli ni kwamba namna fulani ya foronya, labda iliyoshonwa au kutariziwa kwa mtindo uliopendeza, ilivuma pamoja na jina lake, na jina likaimeza nyingine yoyote iliyokuwako. Neno la mkopo basi mara nyingi ni ushahidi wa fasheni. Kulifanya ushahidi wa uvumbuzi ni kulitwika mzigo usio wake.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni leso. Neno hili latokana na Kireno, na katika Kireno maana yake ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Msomaji wa Dar es Salaam akilisikia hufikiri kitambaa cha kufutia jasho. Msomaji wa Malindi, wa Mambrui au wa Takaungu hufikiri vazi la mwanamke, doti ya nguo mbili yenye pindo, mji na jina, ambayo Tanzania huitwa kanga. Sasa ikiwa asili ya neno ni asili ya kitu, leso itakuwa vazi la Kireno. Lakini Wareno walihamishia makao yao kutoka Malindi kwenda Mombasa mwaka 1593. Waliondolewa Mombasa mwaka 1698, wakarudi kwa muda mfupi mwaka 1728, na mwaka uliofuata wakatoka moja kwa moja. Vazi hili lilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19. Baina ya Mreno wa mwisho na leso ya kwanza pana zaidi ya karne nzima.

Masimulizi yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wanawake wa mwambao walinunua vitambaa vya leso vilivyouzwa vikiwa havijakatwa, vimeungana katika jora moja. Wakavikata vitatu vitatu, wakashona safu mbili pamoja, wakapata nguo moja pana ya vitambaa sita. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyopigwa chapa tayari kwa kipimo hicho, na viwanda vya ng'ambo vikafuata. Masimulizi haya yana wapinzani katika baadhi ya vipengele, lakini kiini chake hakina ubishi: umbo la vazi lilibuniwa na wavaaji, kisha wenye viwanda wakalitii. Ni uvumbuzi kamili, uliofanyika mikononi mwa wanawake ambao hakuna kamusi iliyowataja, na jina lake la Kireno limewanyima sifa hiyo. Mwanafunzi anayeandika katika daftari lake kwamba leso ni neno la Kireno ameandika kweli. Anayeendelea na kuiweka leso katika fungu la vitu vilivyoletwa na Wareno, kama inavyotokea, ameandika uongo, na uongo huo amefundishwa.

Ukitaka mfano uliopinduliwa, utazame mnazi. Mti huu haukuota hapa tangu mwanzo wa dunia. Asili yake ni ng'ambo ya bahari, upande wa Asia, na ulifika pwani ya Afrika kwa mikono ya mabaharia. Lakini sikiliza jinsi unavyosemwa. Tunda lake lina jina kwa kila umri: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Ganda la nje ni kumbi, la ndani ni kifuu. Lililokunwa na kukamuliwa hutoa tui, na lililobaki ni chicha. Kuna kuti, kuna karara, kuna kole. Kuna mgema na tembo lake. Kifuu kikitiwa mpini ni upawa au kata. Msamiati huu haukuazimwa pamoja na mti. Ulitungwa na watu waliouzoea mti kwa vizazi vingi hata wakausahau ugeni wake, na Wamijikenda wa Kaloleni na Rabai, ambao mnazi kwao ni mali, mahari na ushahidi mbele ya wazee, wana msamiati mpana vilevile katika lugha zao. Mtu akiifuata kanuni ya asili ya jina atasema mnazi ni mti wa kienyeji na leso ni vazi la kigeni, na katika yote mawili atakuwa amekosea.

Katika vyombo vyote vya mnazi, kilichostahili uangalifu zaidi kuliko kilivyopewa ni mbuzi. Ni kibao cha kukunjuka, chenye mbao mbili zinazopitana, na mbele yake kimechomoza chuma bapa chenye meno. Mkunaji hukikalia, hushika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha juu ya meno yale, na nazi huanguka katika chombo kilichotegwa chini. Mtunga kamusi anapofika hapa ana njia mbili. Aweza kuweka vidahizo viwili, mbuzi mnyama na mbuzi chombo, kana kwamba ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati. Au aweza kuweka kidahizo kimoja na kueleza kwamba maana ya pili imetokana na ya kwanza. Njia ya kwanza ni nyepesi, tena ni safi kwa mpangilio wa ukurasa. Lakini inafuta jambo ambalo mtoto yeyote aliyekulia jikoni analiona bila kufundishwa: kibao kile kina miguu, kina shingo iliyonyooshwa, kina meno, nacho hula nazi. Huko Thailand chombo cha kazi hiyohiyo huitwa kwa jina la sungura. Watu wawili walio katika kingo mbili za bahari moja, wakikabiliwa na kibao chenye meno, wamemwona mnyama. Hilo si la bahati, na kamusi inayotenga maana hizo mbili imetupa habari ya kihistoria ili kuokoa mstari mmoja.

Habari za kamusi zarudisha mjadala Rabai, kijiji ambacho katika historia ya leksikografia ya Kiswahili kinastahili kutajwa pamoja na Zanzibar. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na kufanya makao Rabai mwaka 1846, alipounganika na Johannes Rebmann. Kutokana na kazi ya watu hao zilipatikana kamusi mbili: ya Kiswahili, iliyotoka London mwaka 1882 baada ya Krapf kufa, na ya Kinika, yaani lugha za Mijikenda, iliyotolewa mwaka 1887 kwa uhariri wa T. H. Sparshott. Mwaka 1891 W. E. Taylor akaongeza msamiati wake wa Kigiriama. Kamusi ya Krapf imelaumiwa sana kwa tahajia yake na kwa kukosa mpangilio, na lawama hizo ni za haki. Ila ina fadhila moja ambayo warithi wake waliipoteza. Krapf alipokutana na chombo asichokijua aliuliza kinatumiwaje, na mara nyingi akaandika jibu, hata likichukua mistari mingi. Kamusi zilizofuata, kuanzia ile ya Johnson ya 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zilikuwa na nafasi finyu na lengo jingine, na humo lugha ya kufasili ilizidi kufupika. Ndipo lilipotamalaki lile neno la kuchosha, aina ya: aina ya kapu, aina ya chungu, aina ya mkeka. Fasili kama hiyo humsaidia tu yule ambaye tayari anajua.

Upungufu huu haukuwa na madhara makubwa wakati vyombo vyenyewe vingali jikoni. Sasa mambo ni mengine. Kifumbu, yaani kile kifuko cha ukili cha kuchujia tui, kimeachia nafasi chujio la plastiki. Ulindi na uwimbombo, vijiti viwili vya kupekechea moto, vimekwisha kuwa maneno ya kamusi tu. Moto wenyewe waonyesha jinsi jina linavyoweza kuhama nyumba. Kibiriti ni neno la Kiarabu la madini ya salfa. Njiti ya kuwashia kwa kukwaruza, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1827, ilipofika pwani ilipewa jina la madini hayo, na matokeo yake ni kwamba madini yakahitaji kutambulishwa upya, yakaitwa kibiriti upele kwa kuwa yalitumiwa kuponya upele. Mwenye nyumba ameondolewa na mpangaji. Sufuria vilevile: kwa asili jina hilo ni la shaba, na leo karibu kila sufuria sokoni Kilifi ni ya alumini. Neno limevuka kutoka madini hadi madini bila kubadili herufi, na anayelichunguza bila kukitazama chombo hataona kilichotokea.

Kutokana na mifano hii haielekei kwamba etimolojia ni elimu bure. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao ya 1993 juu ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, wameonyesha jinsi maneno yanavyoweza kupangwa kwa tabaka za wakati iwapo yatapimwa kwa sheria za sauti na si kwa kufanana tu. Kinachodaiwa ni kwamba tabaka la neno lisomwe pamoja na kitu chenyewe, pamoja na mikono iliyokitumia, na pamoja na lugha za jirani. Kwa Malindi na Kilifi jirani huyo ni Mmijikenda, na kumwacha nje ya mjadala wa vyombo vya Waswahili ni sawa na kupima mto wa Sabaki kwa kutazama mdomo wake tu. Nyungu ndilo neno la Mgiriama la chungu. Mswahili analo pia, ila limebaki hasa katika kujifukiza, pale mgonjwa anapofunikwa nguo juu ya mvuke. Ushahidi kama huo haumo katika orodha yoyote ya maneno ya mkopo, na ni wa kale kuliko orodha zote.

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na maelezo ya magofu yake yatasomwa na wengi zaidi kuliko zamani. Ikitokea siku moja majina ya nyumba zile yaandikwe kwa Kiswahili, mfasiri atakwama mahali pawili, na kukwama kwake kutakuwa na faida. Iko Nyumba ya Bakuli la Kauri, na iko nyumba nyingine iliyopewa jina la simbi zile nyeupe za baharini zilizokutwa humo. Kwa Kiswahili simbi hizo nazo huitwa kauri, kwa kuwa neno hilo hutaja kombe la bahari na pia udongo mweupe unaong'aa uliotoka Uchina, kama vile lugha za Ulaya zilivyouita udongo huo kwa jina la kombe lilelile. Nyumba mbili zitakuwa na jina moja, na mgeni atadhani zote mbili zilijaa mabakuli ya Kichina. Mfasiri akitaka kuzitenganisha, Kiswahili kinalo neno jingine la kombe dogo la namna hiyo, ambalo halikumfikia mchimbaji wa 1948 lakini linajulikana katika kila baraza la Malindi panapochezwa bao: Nyumba ya Kete.